Mkono Uliokataa Kushuka

Koti lilinuka bizari nyembamba. Kila mtu wa nyumba ile aliinusa harufu hiyo akanyamaza, maana watu wa nyumba kubwa hufundishwa kunyamaza kabla hawajafundishwa kushika kisu. Lilikuwa koti la harusi la marehemu Bwana Ambrose Thorley, la mahameli jeusi na vifungo vya fedha, lililokaa sandukuni tangu siku alipooa. Jikoni halikuwahi kupita. Lakini mdogo wake, Bwana Gervase, alipoingiza mkono wa kwanza tu, harufu ilimpanda puani kana kwamba mtu ameinua kifuniko cha sufuria.

Sufuria yenyewe ilikuwepo, kama unataka kujua. Bwana Ambrose alikatwa kichwa jijini kwa kumwasi mfalme, na kichwa cha mwasi hakichomekwi langoni kikiwa kibichi. Kwanza hutokoswa kwa chumvi ya mawe na bizari, ili kunguru wasikidonoe. Mjane wake, Bibi Lettice, alikililia kwenye milango ya wakubwa mpaka wakachoka na sauti yake wakampa. Mwili alikuwa amekwisha kupewa zamani, uko kanisani, unangoja kichwa. Na kichwa kilikuwa mezani karibu na dirisha, ndani ya kasha, kinangoja kuchorwa.

Maana katika ukumbi mrefu wa nyumba ile mababu wote wa Thorley wametundikwa kwa mstari, pua zao mbaya zikifuatana, na Ambrose peke yake hakuwa na picha. Alikuwa akisema kesho, kesho. Bibi Lettice hakutaka wajukuu waje kuuliza kwa nini ukuta una pengo. Alitaka picha ya mtu aliyefia kitandani mwake, mwenye kola ndefu. Shingo isizungumzwe.

Mchoraji alikuwa Mholanzi, Joost, mtu mnene mpenda siagi, asiyeogopa wafu hata kidogo. Sura aliichukua kutoka kwenye sura yenyewe, akila huku anachora. Kisha akasema kichwa hakina mabega, na mwili wa kanisani haufai tena kuvishwa. Kazi yao ilivyo, hutafutwa mtu hai wa damu ileile, akavaa nguo za marehemu, na kutoka kwake yakachorwa mabega na mikono. Ndiyo maana Gervase akavalishwa lile koti, akasimamishwa penye mwanga, mkono wa kulia kiunoni.

Asubuhi ile ile, kabla hajapanda ukumbini, mwanamke mmoja alikuwa amemngoja uani. Marjory Tansley, mjane wa Hob, mwoka mikate wa nyumba ile. Hob ndiye anayesemwa kuwa alimuuza Ambrose. Uasi uliposhindwa, Ambrose alikimbilia nyumbani, akajificha ndani ya tanuri la zamani lisilowashwa, na askari walipokuja waliingia uani wakaenda moja kwa moja mpaka tanurini. Nani mwingine alijua? Watu wakasema ni mwoka mikate. Hob alikana mpaka sauti ikamkauka. Walimfukuza wakati wa theluji, akafia njiani karibu na kinu cha kusagia nafaka, na kasisi akakataa kumzika ndani ya ukuta wa kanisa. Alifukiwa kando ya barabara, amefungwa magunia ya unga, kama mbwa wa mtu maskini. Marjory hakuomba chakula wala nguo. Aliomba kwamba siku Bwana Ambrose atakapozikwa, familia iseme neno, Hob naye aingizwe ndani ya ukuta. Gervase akamjibu kwamba atalifikiria, akamwacha amesimama.

Basi akasimama penye mwanga. Joost akachora kidogo, kisha akaweka brashi.

"Bwana, shusha mkono."

"Mkono uko kiunoni."

"Mimi Mholanzi, si kipofu. Ushushe."

Gervase akatazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umenyooka, kidole cha shahada kimetoka, na yeye hakuwa ameusikia ukipanda. Akaushusha kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayeshusha tawi. Alipouachia ukapanda tena, polepole, bila haraka yoyote, ukaelekea dirishani.

Sasa nikuambie alichokijua yeye peke yake. Siku ile ya askari, kapteni alimkuta uani akamuuliza ndugu yako yuko wapi, na kama hujui aliko, shingo yako itatosha. Gervase hakusema neno. Hilo alijiambia kila asubuhi akinyoa ndevu: sikusema neno. Na ni kweli hakusema. Aliinua tu mkono wa kulia, akaonyesha tanuri, akaushusha, akaenda kuunawa.

Joost alikuwa mtu wa kuchora anachokiona. Kesho yake mkono ulipanda, akauchora umepanda. Bibi Lettice alipoingia kutazama kazi, alisogea mpaka mbele ya turubai. Mumewe alikuwa pale, mzuri, kola mpaka masikioni, ananyoosha kidole.

"Shemeji," akasema, "unaonyesha nini?"

"Sionyeshi kitu. Bega linaniuma."

Bibi Lettice akafuata kile kidole kwa macho, kutoka ukumbini mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka ng'ambo ya ua, mpaka kwenye jengo la tanuri. Akabaki kulitazama. Alipogeuka hakumtazama Gervase usoni, na tangu siku ile hakumtazama tena.

Gervase akalivua koti. Mkono haukujali. Ulipanda mezani, juu ya mchuzi, kijiko kikaanguka, na wajakazi wakasukumana mlangoni wakinong'ona kwamba bwana mdogo anaomba chumvi. Akaukalia. Akaufunga na mshipi. Akawa anasikia kitu nyuma yake kila apitapo ukumbini, mchana kweupe, sauti ya gunia likiburutwa juu ya mbao, likisimama anaposimama. Na siku moja, akiwa amekaa peke yake chini ya mababu zake, alihisi kidevu kikiwekwa taratibu begani pake, kidevu tu, kizito, kibichi kwa maji ya chumvi, na harufu ya bizari ikamjaa kinywani mpaka akaionja, na akajua kwamba akigeuka atakutana na macho aliyocheza nayo utotoni, na kwamba chini ya kidevu kile hakuna kitu, hakuna shingo, hakuna kifua, ila mkono wake mwenyewe unaopanda tena, unaonyesha tanuri, unaonyesha tanuri, na yeye hana nguvu za kuushusha wala za kulia.

Wakamwita Mama Crake, ajuza aliyeng'oa meno na pepo kwa kiwango kimoja cha huruma. Akaingia kwa mlango wa jikoni na chungu cha makaa na kipande cha chuma. Akamkalisha Gervase, akamgusisha chuma kifundoni mwa mkono, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili: wewe uliyemo mkononi, unataka nini?

Mkono ukaonyesha tanuri. Kisha, jambo ambalo haukuwahi kulifanya, ukageuka. Ukapita Bibi Lettice, ukapita mlango, ukasimama ukielekea barabara ya kinu, pale alipofukiwa Hob.

Mama Crake akakiweka chuma chini. "Huyu hataki damu yako, mwanangu. Anataka mdomo ukiseme ulichokisema mkono. Kanisani, siku ya maziko, watu wakiwepo. Na yule mwoka mikate mumwingize ndani ya ukuta. Utakuwa umepona kabla hujafika nyumbani."

"Nikisema, watanionaje?"

"Watakuona. Basi."

Gervase akalia. Bibi Lettice alikuwapo, amesikia kila kitu, na hakuuliza swali hata moja. Hapo ndipo pananichoma mimi. Mtu asiyejua huuliza.

Siku ya maziko kanisa lilijaa mpaka vibarazani. Kichwa na mwili vilikuwa jenezani pamoja, vimeshonwa, kola juu yake. Marjory alisimama mlangoni, maana hakuruhusiwa kukaa. Gervase akainuka, mkono umefungwa chini ya joho. Akafungua mdomo. Watu wote waliliona lile neno likifika mpaka kwenye meno yake.

Akamtazama shemeji yake. Bibi Lettice akatikisa kichwa. Kidogo tu, kama mtu anayemfukuza nzi. Kukatwa kichwa na mfalme ni aibu moja, lakini kuuzwa na ndugu wa tumbo moja ni aibu ya pili, na yeye alikuwa amechoka kubeba ile ya kwanza.

"Kaka yangu," Gervase akasema, "alikuwa mtu mwema." Akakaa.

Wakamteremsha Ambrose katika kaburi la ukoo chini ya sakafu. Watu walipotoka, Marjory akamzuia Gervase mlangoni.

"Bwana Gervase, mume wangu alikuokea mkate wa maziwa ulipokuwa huna meno. Leo ulikuwa na neno. Nililiona."

"Umekosea, mama."

Chini ya joho mkono ukasukuma. Nguo ikatanuka, ikainuka, ikasimama imenyooka kuelekea barabara ya kinu. Marjory aliutazama ule mwinuko wa nguo, kisha akamtazama mwenye joho.

"Huyo aliyemo ndani amekuzidi adabu," akasema, akaenda zake.

Joost akaamriwa aufute ule mkono kwenye picha, achore glavu, kiunoni, kistaarabu. Akafanya. Alipokuwa akifunga vitu vyake alimwambia Bibi Lettice kwamba rangi hufunika, haifuti, na kwamba rangi ya juu hukonda kadiri inavyozeeka. Bibi Lettice akamshukuru, akaomba mlango ufungwe nyuma yake.

Gervase akaishi muda mrefu na mkono wake juu. Kila Jumapili aliketi kanisani na kidole kimenyooka kuelekea ukutani, na ng'ambo ya ukuta huo iko barabara. Akasema ni baridi yabisi. Sote tukasema ni baridi yabisi. Tulimpelekea mafuta ya bata bukini ajisugue.

Alipokufa, mkono haukulegea kama mikono ya wafu wengine. Seremala alijaribu, akasikia mfupa ukilia, akaacha, akaunda jeneza lenye kifuniko kilichotuna upande mmoja. Nafasi iliyobaki katika kaburi la ukoo ilikuwa moja, ubavuni mwa Ambrose. Mchimba kaburi aliyemteremsha alitoka hana rangi, na ilichukua pombe nyingi kabla hajasema. Walipomlaza, alisema, kitu kiligeuka ndani ya ule mtuno, polepole, bila haraka, kikagonga mbao upande wa kaka yake. Amelala pale mpaka leo, anamnyooshea kaka yake kidole.

Picha ipo bado. Glavu imekonda, na chini yake mkono umeanza kutoka, kidole kwanza. Siku za mvua ukumbi hunuka bizari, na wajakazi hupangusa ukuta ule wakiangalia chini. Na Hob Tansley yuko kando ya barabara ya kinu, kondoo wanalisha juu yake, na sisi tunaojua hupita pale tukitazama viatu vyetu.