Tenga la Mchuma Chai

Siku Bi Usha aliporudi kutoka Darjeeling, India, nilikuwa jikoni namenya ndizi. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja, mchana, na mvua ile ya London isiyo na sauti ilikuwa imelowesha kioo chote. Mume wangu Cosmas alikuwa kazini, anaendesha basi. Binti yetu Koku, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alikaa chini nyuma ya mlango, sikio kwenye mbao, anasikiliza ngazi.

"Anakuja?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba bado, huyo ni mtu wa posta.

Jengo letu hapa Tooting halina lifti. Bi Usha na mumewe, Mzee Chandrakant, walikaa ghorofa ya juu yetu, kwa hiyo ilikuwa lazima wapite mlangoni kwetu. Kila Bi Usha alipopita na mifuko ya sokoni, Koku alitoka kumpokea. Ndivyo nilivyomfunza, kama mama yangu alivyonifunza Bukoba: ukimwona mtu mzima ana mzigo, usingoje akuombe. Mpokee. Bi Usha alikuwa akimpa kitunguu kimoja tu abebe, kisha anashika kiuno na kusema, "Ahsante, mjukuu wangu. Leo ningekufa ngazini, walahi." Koku alicheka mpaka akakidondosha.

Bi Usha alizaliwa Unguja. Wazazi wake waliondoka naye baada ya Mapinduzi, akiwa msichana, lakini Kiswahili chake hakikuondoka. Mimi nilijifungua katika mji huu nikiwa sina mama wala dada wa karibu. Yeye ndiye aliyeniletea wali wa choroko wenye tangawizi, akanishikia mtoto nilale. Nilipoamka nilikuta nguo za mtoto zimefuliwa na kukunjwa, naye ameshaondoka kimya kimya, asije akashukuriwa. Mtu wa namna hiyo utamsahauje?

Basi tukasikia hatua.

Hazikuwa hatua zake. Zilikuwa nzito. Hatua moja, kimya, pumzi ndefu. Halafu nyingine. Koku akafungua mlango kabla sijafuta mikono.

Mzee Chandrakant alikuwa mbele na masanduku yote mawili. Bi Usha alikuja nyuma yake na kimkoba kidogo tu cha mkononi. Lakini alikuwa ameinama. Aliinama kama mama anayepanda mlima na kuni za wiki nzima, shingo imekaza mbele, macho chini.

Koku akanyoosha mikono. "Nipe, Bibi."

Bi Usha akarukia ukutani kama aliyeonyeshwa moto.

"Usinipokee! Mtu asinipokee!"

Koku akaanza kulia. Mzee akasema haraka haraka, "Amechoka, binti yangu. Safari ndefu, ndege, baridi." Bi Usha akamtazama mtoto, na machozi yakamjaa na yeye. Akapita. Kwenye paji la uso wake, toka sikio hadi sikio, niliona mstari mpana mwekundu, kama wa mtu aliyefungwa kamba.

Kesho yake nilimpelekea ndizi na nyama ya kuku. Mzee ndiye aliyefungua. Bi Usha alikuwa amekaa kwenye stuli katikati ya sebule, mbali na ukuta, mbali na kiti chochote chenye mgongo.

"Kaa, Mama Koku," akasema. "Nikwambie wewe, maana watoto wangu wataniita kichaa."

Alianza vizuri. Akanieleza treni yao ndogo ya milimani, inayokwenda polepole hata watoto wanaikimbilia na kuipita, inayopita sokoni karibu kabisa na maduka, ukinyoosha mkono unachukua nyanya ya mwenye duka. Akanieleza walivyoamshwa kabla ya alfajiri kwenda kilimani kutazama jua likiwasha mlima wa theluji, ukawa wa waridi, halafu wa dhahabu, na Mzee akalia mbele ya wageni.

"Sikulia," Mzee akasema. "Upepo ule."

"Ulilia, Chandu. Ukaomba na leso." Akatabasamu kidogo. "Na chai yao sasa! Wanaisifu dunia nzima. Wakamletea Mzee, haina maziwa, haina iliki. Akasema, haya ni maji ya kusuuzia vikombe."

Tukacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka mle ndani.

Siku ya kuondoka walikwenda kutembelea shamba la chai. Akasema mashamba yale yameteremka mlimani kama nywele zilizochanwa. Ukungu ukapanda ghafla kutoka bondeni. Mzee alikuwa mbele na kijana aliyekuwa dereva wao. Bi Usha akabaki nyuma, anapiga picha. Ndipo akamwona mwanamke anapanda njia, tenga la mwanzi mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso, kama wabebavyo wachuma chai wa kule. Mwanamke mtu mzima. Miguu mitupu. Anahema.

"Ningefanya nini, Mama Koku?" akaniuliza. "Tulilelewaje sisi?"

"Ungempokea," nikasema.

"Nikampokea. Hata Kihindi sikukumbuka. Nikamwambia kwa Kiswahili, lete mama, nikupokee. Akageuka, akanipa mgongo. Nikalitoa mgongoni kwake nikalitia mgongoni kwangu. Jepesi, mwanangu. Halina hata jani moja. Nikamsikia anatembea nyuma yangu. Kisha nikasikia anacheka. Nikageuka."

Hapakuwa na mtu. Njia ilikuwa na matope, na matope yalikuwa na nyayo za Bi Usha peke yake.

Akalibeba mpaka kibandani wanapopimia majani. Mpimaji alikuwa mtu wa makamo. Alipoliona tenga, akaweka mikono yake nyuma, akarudi hatua. Mzee Chandrakant akawa anatafsiri. Mpimaji akauliza: alilitua chini kwanza? Kwao, ukungu ukitanda, mzigo hauhami mgongo kwa mgongo. Mwenye nao anautua kwanza udongoni, udongo uchukue kisicho chako, ndipo wewe uinue. Kila mtoto wa pale anajua.

"Nikamwambia kwetu kumwacha mtu mzima atue mwenyewe ni kumvunjia heshima," Bi Usha akasema. "Akanitazama kwa huruma. Akasema, basi utaubeba mpaka mwingine akupokee kwa hiari, au mpaka ufe."

Tenga lenyewe waliliacha palepale kibandani.

"Ila halikubaki," akanong'ona. Akagusa mgongo wake mtupu. "Na linazidi. Kila siku linazidi kidogo, kama mtoto anayekua."

Nilitaka kusema si kweli. Nikatazama stuli. Miguu ya stuli ilikuwa imezama kwenye zulia.

Nilimshika mkono nikaahidi kumsindikiza kliniki, maana yeye ndiye aliyenisindikiza mimi nikiwa mjamzito, nikiogopa kuzungumza Kiingereza. Tulikuta nesi Mkenya, Serah, msichana mchangamfu. Akamsimamisha Bi Usha kwenye mizani. Bi Usha alikuwa mwembamba, mikono kama mipini ya miiko. Serah akasoma, akakunja uso.

"Auntie, hebu shuka kidogo. Hii mashine imechanganyikiwa."

Akapanda yeye mwenyewe. Ilikuwa sawa. Akanipandisha mimi. Sawa. Akampandisha tena Bi Usha, na uzito ukaja wa watu wawili. Na ulikuwa umeongezeka tangu alipopanda mara ya kwanza.

Serah aliandika kitu, akafuta. Alipotutoa mlangoni alinivuta mkono.

"Dada," akanong'ona, "huyu mama amebeba nani?"

Baada ya siku ile Bi Usha akawa haongei. Nilipomletea chakula alitikisa kichwa tu, akanipapasa shavu. Siku moja akanivuta jikoni, akafunga mlango, akaniambia kwa shida, meno yamebana:

"Usidhani nimekasirika. Kila nikifungua mdomo, neno linalotaka kutoka ni moja. Nikilisema, mtu mwema ataitika. Na mtu mwema wa jengo hili namjua."

Alikuwa anamsema mwanangu.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamkalisha Koku. Nikamwambia, ukimkuta Bibi ngazini, msalimie tu. Usipokee chochote. Hata akikuomba.

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Akaniuliza kwa Kiingereza: kwani mimi sasa ni mtoto mbaya?

"Hapana, mama. Wewe ni mzuri sana."

"Bibi anaumwa mgongo," akasema, na hili alilisema kwa Kiswahili, polepole, ili nielewe vizuri. "Mtu akiumwa anasaidiwa."

Ndivyo nilivyomfunza.

Tukaanza kuishi kwa kufuli. Niliweka kitasa cha juu, asipofikia. Mzee Chandrakant akawa anamshusha mkewe mara moja kwa siku, wakati Koku amelala mchana, wakatembee kwenye nyasi za bustani. Bi Usha alikuwa akijilaza pale chini, kwenye udongo wenye baridi, akitumaini. Watu walipita na mbwa wao, wakadhani ni mazoezi. Kijana mmoja alimfunika na koti lake. Mzee aliniambia hilo akilia, na safari hii hakusingizia upepo.

Udongo wa Tooting haukuchukua kitu.

Kisha ikaja siku ya ukungu. Ukungu wa kweli, ambao huku siku hizi ni nadra. Taa za barabarani ziliwaka mchana. Nilikuwa natoa taka, nikarudi, nikafunga mlango. Kitasa cha juu sikumbuki. Kitunguu kilikuwa kinaungua jikoni, nikakimbilia sufuria.

Nikasikia hatua ngazini. Hatua moja. Kimya. Hakukuwa na pumzi.

Baadaye Mzee alinieleza kwamba alikuwa ameingia duka la dawa, amemwacha mkewe nje dakika moja tu. Aliporudi hakumkuta. Miguu ya Bi Usha ilikuwa imeanza kumpeleka nyumbani yenyewe.

Nikasikia sauti.

"Nipokee."

Nikasikia mlango wetu ukifunguka.

Nilikimbia. Ile sebule yetu ni ndogo, lakini siku ile ilikuwa ndefu. Koku alikuwa ameshafika nje, amesimama ngazi ya juu kabisa, mikono ameinyoosha mbele. Chini yake kidogo, Bi Usha. Ameinama hadi uso unakaribia magoti. Mikono yote miwili ameshika chuma cha ngazi.

"Nipokee, mjukuu wangu."

Sauti ilikuwa yake. Ile ile tamu ya Unguja.

Lakini nilikuwa naona uso wake. Mdomo ulikuwa umefungwa. Alikuwa ameuma midomo mpaka damu inachuruzika kidevuni.

Koku akafungua kinywa aitike.

Sikuwa na hatua za kutosha. Nilijua. Bi Usha naye alijua. Akainua macho, akanitazama mimi. Si kwa hofu. Ni jicho lile lile la mtu aliyekushikia mtoto, anayekwambia lala, nipo.

Akaachia chuma.

Alikwenda nyuma, mgongo kwanza. Mlio wake haukuwa wa mwili wa mwanamke mmoja. Jengo zima lilitikisika, na taa ya ngazini ikazimika. Nilimbana Koku kifuani, nimemziba mdomo kwa kiganja, na kwenye lile giza nikasikia mwanzi ukivunjika.

Watu wa ambulansi walimkuta amelala pale ngazi inapokata kona, amenyooka kabisa, uso umetulia. Ule mstari wa kwenye paji haukuwepo. Wawili walijiandaa kumwinua, wakahesabu pamoja, wakamwinua kwa nguvu nyingi mno, karibu wamrushe. Mmoja akasema alikuwa mwepesi kama shuka.

Tulimsindikiza kwa heshima ya dini yake. Wanawe walinishukuru kwa vile vyakula. Mzee Chandrakant amehamia kwa binti yake Leicester. Alipoaga alimpa Koku kitunguu kimoja.

Koku aliniambia wiki nyingi baadaye, nikiwa namvisha viatu, kana kwamba ni jambo dogo. Si Bibi aliyeniomba, Mama. Ni yule mwingine. Aliyekaa mgongoni kwake.

Tumeomba kuhamishwa, tunangoja. Mwanangu nimemfundisha kupita ngazini mikono mfukoni. Wazee wanapanda na mifuko yao, anawatazama, anatazama viatu vyake. Wengine wanasema watoto wa siku hizi hawana adabu.

Ngazi zetu hupigwa deki na Mohinder, mzaliwa wa Kisumu, mtu mpole anayewaachia watoto pipi kwenye visanduku vya barua. Juzi alinigongea. Alitaka kuniuliza kama nimewahi kuona. Pale kwenye kona kuna duara lisiloshika maji. Akimwaga, maji yanalizunguka. Akipiga deki, panabaki pakavu, na ukiinama utaona mistari midogo imepishana, kama alama ya kitu kilichosukwa.

"Nilisugua na dawa, dada," akasema. "Nikadhani limetoka. Kumbe limepanda ngazi moja."

Leo asubuhi nimesikia ndoo yake inapita. Nikangoja aende. Nikafungua mlango. Sakafu yote ilikuwa imelowa, inang'aa. Mbele ya kizingiti chetu palikuwa na duara kavu. Na nyuma ya duara, zikiwa kavu vilevile, nyayo mbili za mtu mzima asiye na viatu, vidole vimeelekea ndani.