Kituo Kisichojitaja

Pindo aliitika, "Abee, mama!" akatoka mbio hadi uani, na mama yake, aliyekuwa chumbani mbele ya cherehani na pini zimebanwa midomoni, hakuwa amemwita.

Mtoto alizunguka uani, akachungulia bafuni, akarudi ndani amekunja uso. "Mama, si umeniita?"

Mama Pindo akatoa pini. "Nikuite na mdomo huu? Rudi ukunje nguo za watu."

Hakulitilia maanani. Mtoto anayekwepa kukunja nguo husikia anaitwa hata na kuku. Kilichomsumbua ni harufu: matope ya mtoni, mabichi, katika chumba alichokipiga deki asubuhi ile ile. Alitazama chini ya meza ya kukatia, akasogeza majora ya vitambaa, hakuona kitu. Juu ya rafu redio yake ilikuwa imezimwa, na waya za betri zilikuwa zimening'inia kama alivyozichomoa jana.

Redio yenyewe si ile ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii ilikuwa ya kusema na kusikia, ina maiki yenye kitufe, na kwa kuitumia lazima ufanye mtihani upewe leseni. Fundi cherehani anatafuta nini humo? Majirani waliuliza hivyo hivyo, tena kwa kicheko.

Sababu yake ilikuwa hii. Mwaka wa mafuriko makubwa mto ulibeba daraja, na simu zote zikafa. Mdogo wake alikuwa ng'ambo, juu ya paa na watu wengine. Mwanamume mmoja huko ng'ambo alikuwa na redio, akaita mchana kutwa kuomba boti. Boti upande huu ilikuwepo, tena imefungwa kamba inaelea bure, lakini redio hakuna aliyekuwa nayo. Paa likaondoka na watu wake. Baadaye yule mwanamume alipomwona Mama Pindo msibani alimwambia, "Niliita tu, dada. Hakuna aliyenijibu." Maneno hayo yalimwingia na hayakumtoka tena. Alilia nayo, akashona nayo, na mwishowe akaenda kujiandikisha kwenye kikundi cha watu wa redio wanaojitolea wakati wa maafa.

Kiongozi wa kikundi alikuwa kinyozi, mrefu, mwembamba, na juu ya duka lake alisimamisha mlingoti wa waya, kwa hiyo jina la Antena lilimpata pande zote mbili. Baba yake alikuwa mganga wa kupunga majini, wa kuaminika. Antena aliikimbia kazi hiyo tangu ujana, akisema yeye anataka kuongea na watu walio hai.

Alimfundisha Mama Pindo vizuri. Sikiliza kabla ya kusema. Bonyeza kitufe, vuta pumzi, ndipo uongee. Mume wake, fundi wa pikipiki, alitania kwamba sasa mkewe ataanza kusalimiana na ndege, lakini ndiye aliyemtafutia betri na ndiye aliyepanda juu ya bati kuvuta waya wa antena. Leseni ilipotoka, Antena alimpa jina fupi la kutumia hewani: Sindano.

"Sasa nisikilize," Antena alimwambia siku hiyo, mkasi ukiwa bado mkononi. "Kituo kisichojitaja hakipokelewi. Hata kikilia. Jina kwanza. Na ukishampokea mtu, usizime redio kabla ya kumtoa. Unamtaja, unampa ruhusa, anaitika, anatoka. Anayeitika ndiye anayetoka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, kaka."

Alielewa, ndiyo. Kuelewa hakukuwa na shida.

Jioni ya jana hiyo, mvua ikianza, Antena alimwachia kwa mara ya kwanza aendeshe mkutano wa hewani. Aliita vituo kimoja kimoja, akavipokea, akapata habari za maji ya mto, akavitoa vyote kwa utaratibu. Alitokwa na jasho la furaha. Kilichobaki ni mwito wa mwisho, ule wa wazi, ambao kila mwendeshaji huutoa kabla ya kufunga.

"Kuna kituo kingine chochote kinachonisikia? Karibu."

Redio ikatoa mvumo wake, shhhh, na chini ya mvumo ule pakawa na mwanamke anayehema.

"Maji," ilisema sauti. "Maji yamefika kifuani."

Mama Pindo alisogeza maiki mdomoni. "Kituo, jitaje."

"Nashika bati. Bati linateleza."

"Jitaje tafadhali! Jina la kituo!"

Sauti ikasema polepole, "Sindano."

Hapo mtu mwenye akili zake angezima. Mama Pindo alidhani mtu huyo amechoka, anarudia jina alilolisikia hewani. Alikumbuka kanuni, na alikumbuka vilevile paa, na kati ya viwili hivyo aliona ni unyama kumhoji mtu jina huku anazama. Akabonyeza kitufe. "Umepokelewa, Sindano. Karibu. Uko wapi?"

Kuhema kukakoma ghafla.

"Niko ndani," ilisema sauti, safi, bila mvumo, na ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Radi ikapiga. Mama Pindo alichomoa waya za betri kwa mikono miwili, akakaa sakafuni. Hakumtoa mtu. Hakumweleza mtu pia, maana aliona aibu: jioni yake ya kwanza, na tayari amevunja kanuni.

Ndiyo maana kesho yake Pindo alipoitika uani, mama yake alijifanya hakuna kitu.

Siku iliyofuata mume wake alikuwa ameketi naye, wanakunywa chai. Kutoka jikoni sauti ya Mama Pindo ikaita, "Baba Pindo, njoo uninyanyulie ndoo." Mwanamume akajibu "Nakuja," akainuka, akapiga hatua, ndipo akageuka akamwona mkewe pale pale kwenye kiti, kikombe kimemgandia mkononi.

"Nani yuko jikoni?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Usiende."

"Mke wangu, nani yuko jikoni?"

Jikoni hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa na matope, na matope yalikuwa na alama za nyayo zilizotoka mlangoni mwa chumba cha kushonea, si zilizoingia. Tangu hapo walisema kwa minong'ono, mchana kweupe, katika nyumba waliyoijenga kwa mikono yao.

Kiumbe kile hakikuwa na haja na ndoo. Kilikuwa kinajaribu sauti, kama mtu anavyojaribu kiatu dukani. Kilimtaka Pindo. Mtoto yule aliitwa Pindo kwa sababu tangu alipoanza kutembea alishika pindo la gauni la mama yake na hakuliachia, awe jikoni, awe sokoni. Na sasa aliitwa kwa sauti hiyo hiyo anayoifuata, kwanza uani, halafu nje ya geti, halafu kwenye kona ya barabara, kila mara mbali zaidi kidogo, na kila mara upande mmoja tu, upande wa mtoni. Mama Pindo alimkataza, akamfungia, akamlaza ubavuni pake, akamwambia akisikia anaitwa asiitike mpaka auone mdomo wa mama ukisogea, na mtoto alitikisa kichwa kwamba ameelewa, lakini mchana wa siku ya mvua kubwa, wakati mama amegeuka kumpimia mteja kiuno, dirisha la nyuma lilikuwa wazi na mtoto hayupo, na Mama Pindo alikimbia bila viatu kwenye maji yanayopita barabarani, akiita hadi koo likachanika, na kadiri alivyoita ndivyo alivyosikia mbele yake, kule kwenye mvua, sauti yake nyingine ikiita jina lile lile kwa upole kuliko yeye.

Yeye na mumewe, aliyesikia kelele akamfuata mbio, walimkuta Pindo ukingoni, maji magotini, baba yake akamdaka kwa kola.

"Mama ameniita," mtoto alilia. "Yuko pale, ananinyooshea mkono."

Hapo aibu iliisha. Mama Pindo alimfuata Antena dukani, akamweleza yote mbele ya mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

Antena aliweka wembe chini. "Ulimtoa?"

"Nilichomoa waya."

"Sikukuuliza waya! Ulimtoa?"

"Sikumtoa, kaka."

Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini alipofika nyumbani kwao na kunusa chumba kile, hasira ilimtoka usoni ikaingia hofu. Aliunganisha betri mwenyewe, akashika maiki. "Sindano, una ruhusa ya kutoka hewani."

Spika ikacheka. "Wewe hukunipokea, kinyozi," ilisema kwa sauti ya Mama Pindo. "Salamu kwa baba yako. Yeye alikuwa anajua kazi."

Antena alirudisha maiki mezani kama kitu cha moto. Alimvuta Mama Pindo pembeni, akanong'ona. "Baba alikuwa anatoa wanaoingia kwa mlango. Huyu amekaribishwa kwa mdomo, kwa hiyo mdomo ule ule ndio utakaomtoa, na kwa jina lile lile aliloingilia."

"Jina lile ni langu."

"Ndiyo. Ndiyo balaa yenyewe. Mko wawili kwa jina moja. Ukishatoa ruhusa, achia kitufe na ufunge mdomo. Atakusemesha. Atakutukana, atakulilia, usijibu hata kwa kuguna. Mmoja wenu ataitika, na anayeitika ndiye anayetoka. Nyamaza, mpaka yeye ashindwe."

"Nitanyamaza," alisema Mama Pindo. "Kwa ajili ya mwanangu nitanyamaza."

Na alimaanisha. Aliketi mbele ya redio, mvua inapiga bati, Pindo miguuni pake amekamata gauni kwa ngumi mbili, mume wake mlangoni, Antena amesimama karibu na betri.

"Sindano," alisema, "una ruhusa ya kutoka hewani." Akaachia kitufe.

Ilianza kwa matusi, na matusi aliyavumilia. Ikafuata sauti ya mume wake ikimwita mchawi, na mume wake mwenyewe akatikisa kichwa mlangoni huku machozi yanamtoka. Ikaja sauti ya Pindo ikilia "Mama, nazama," naye akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akahisi nywele, akajua ni uongo. Harufu ya matope ilipanda mpaka koo likawaka, maji meusi yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye matundu ya spika na kudondoka mezani, na mvumo ukawa mkubwa mpaka sindano za cherehani zikacheza kwenye kopo, na bado alinyamaza, ameuma mdomo wa chini, damu inamtiririka kidevuni, na Antena alimnyooshea kidole gumba kwamba bado kidogo, bado kidogo tu.

Kisha mvumo ukakatika. Katika ukimya ule ikatoka sauti ndogo, iliyochoka, isiyoigiza kitu.

"Dada? Naita tu. Kuna mtu ananijibu?"

Antena alipiga kelele, "Usi—"

"Nipo, mdogo wangu!" alisema Mama Pindo. "Nakusikia!"

Redio ikazimika yenyewe.

Mama Pindo alianguka kifudifudi mezani. Walipomwinua alikuwa hai, mikono yake ikiwa ya baridi, na baada ya muda akafumbua macho akamtazama kila mmoja kwa zamu, taratibu, kama mgeni anayeonyeshwa vyumba.

"Mbona mnalia?" aliuliza. "Kimetoka."

Harufu ilikuwa imekwisha. Mume wake alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti. Antena hakushukuru kitu. Alichomoa betri, akaibeba mwenyewe chini ya mvua bila kuaga, na tangu siku hiyo hakupita tena mtaa ule.

Nyumba ilitulia. Hakuna aliyemwita Pindo uani wala getini. Mume alirudi kwenye pikipiki zake, akawaambia wenzake mkewe amepona, ila tu amekuwa mkimya na anapenda kukaa bafuni na maji yakifunguliwa. Mama Pindo alishona kutwa. Pindo alikuwa wa kwanza kuona kwamba cherehani inakwenda lakini haina uzi, kitambaa kinapita chini ya sindano na kutoka upande wa pili na matundu matupu, na mama anakikunja vizuri na kuanza kingine.

Mtoto hakushika gauni tena. Alijifunza kukaa chini ya rafu, sikio karibu na ile redio isiyo na betri, na jioni moja mvua ikinyesha alisikia mvumo, shhhh, mdogo sana.

"Kituo chochote kinachonisikia," ilisema spika, na yule mwanamke alikuwa anahema. "Hapa Sindano. Hapa Sindano. Pindo, mwanangu, unanisikia?"

Mtoto akafumbua mdomo kuitika abee.

Kwenye kiti, miguu iliyokuwa inakanyaga cherehani ikasimama. Mama hakugeuka. "Usijibu, mwanangu," alisema kwa upole. "Huyo ameshatoka." Akanyoosha mkono nyuma, akasubiri, mpaka mtoto aje ashike pindo.