Turubai Lililokatwa Katikati

Asubuhi hiyo Fundi hakugusa cherehani. Nguo za wateja zilirundikana kwenye benchi, suruali huku, gauni kule. Yeye alikuwa uani, amejishika kiuno, anatazama nusu ya turubai.

"Vuta huko, shemeji!" Seremala alipiga kelele. "Vuta!"

"Nivute nini? Kamba ziko wapi?"

Seremala alikuwa kaka wa marehemu mume wa Fundi. Jumamosi ndiye angesimama mahali pa baba, maana Jumamosi binti wa mwisho wa Fundi alikuwa anaolewa. Wageni wa bwana harusi wangetoka mbali. Nyumba ya Fundi ilikuwa na vyumba viwili tu, kimoja cha kulala, kimoja cha cherehani. Wageni wangekaa wapi kama si uani? Na masika yalikuwa yameanza. Kila alasiri mvua ilinyesha kama imetumwa.

Seremala alisimamisha nguzo. Zilikuwa fupi. Turubai likalala juu yake kama shuka iliyoanikwa kwenye kichaka. Binti akajaribu kuingia chini. Akainama, akainama tena, mwisho akaenda kwa magoti.

"Mama," alisema kutoka huko chini, "ndiyo nitaolewa nikitambaa?"

Fundi alicheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Kama turubai halisimami, harusi hakuna. Wazee wa bwana harusi walishasema: wakikosa pa kukaa, watarudi kwao na kijana wao mpaka kiangazi.

"Shemeji," Fundi alisema, "nikumbushe. Kisu kilichokata turubai hili kilikuwa cha nani?"

Seremala akajifanya anatafuta nyundo.

Turubai lile lilikuwa la mtaa mzima. Watu wa mtaa walichanga wakalinunua, wa msikitini na wa kanisani pamoja. Ikija harusi, lilitandazwa. Ukija msiba, lilitandazwa. Hakuna aliyeuliza chini yake anakaa nani.

Kisha siku moja mzee wa upande wa msikitini alifariki, na siku hiyo hiyo upande wa kanisani kulikuwa na harusi. Pande zote zililitaka turubai. Kama watu wangekaa chini wakazungumza, lingeazimwa jingine mtaa wa pili. Lakini maneno yalitangulia, akili ikafuata nyuma inachechemea.

"Nyinyi hamheshimu maiti!"

"Na nyinyi hamtaki wenzenu wafurahi!"

"Kwani tangu lini tumekuwa kitu kimoja? Mungu mwenyewe ametutenga!"

Neno hilo la mwisho, hakuna anayejua lilitoka kinywani mwa nani. Ila pande zote mbili zilipiga makofi. Ndilo neno pekee walilokubaliana siku ile.

Seremala akachomoa kisu, akalikata turubai katikati. Vifaa navyo vikagawanywa. Wa msikitini walipata nguzo ndefu za katikati na kamba zote. Wa kanisani walipata nguzo fupi za pembeni na vigingi vyote. Hawa wana kamba, hawana pa kuzifunga. Hawa wana vigingi, hawana cha kufunga. Waombolezaji wakachomwa na jua, na bibi harusi akakaa juani mpaka poda ikamtiririka. Baadaye wa msikitini wakaipaka nusu yao rangi ya kijani. Wa kanisani wakaipaka yao buluu. Eti zisije zikachanganyika.

Tangu hapo Fundi, ambaye husali kanisani, hakusema na Mama Mkaa, ambaye husali msikitini. Milango yao inatazamana. Zamani hata chumvi haikuisha kwa mmoja mwingine akiwa nayo.

Mchana aliingia Mkunga kuchukua sare yake ya zahanati. Mama huyu alikuwa amepokea karibu watoto wote wa mtaa ule, na bibi harusi mwenyewe akiwamo. Alimkuta Fundi ameinamia kitambaa, hashoni.

"Mwenzangu, una nini? Harusi ni furaha."

Fundi akamweleza yote. Mkunga akavuta kiti. Alikuwa mtu wa vitendawili, huwezi kumzuia.

"Kitendawili!"

"Dada, leo sina moyo wa vitendawili."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Ni chako, unacho kila siku, lakini jirani yako anakiona kuliko wewe."

Fundi akafikiri. "Jina langu?"

"Jina nani amewahi kuliona?"

"Basi nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa mji huu huu tunaokaa."

"Huu siutaki, una nusu ya turubai!" Wote wawili wakacheka. "Jibu ni kisogo. Kisogo chako kikiwa na uchafu, nani atakuambia? Jirani. Mtu peke yake hawezi kujiona mwili wote. Ndiyo maana wazee walisema mtu ni watu. Hawakusema mtu ni watu wa dini yake."

"Lakini dini zetu hazifanani, dada."

"Nani kasema zinafanana? Wao wana sala zao, nyinyi mna zenu. Lakini sikiliza. Watoto nimewapokea wa pande zote. Hakuna hata mmoja aliyetoka akilia kwa lugha ya kwao wala kwa dini ya kwao. Kilio ni kimoja, na wote wanatafuta ziwa la mama. Mengine wanafundishwa nyumbani, na ni mafundisho mazuri. Utu wanakuja nao."

Fundi akaweka kitambaa kando. Kisha akauliza, "Sasa nifanye nini?"

"Lile neno kwamba Mungu ametutenga lilisemwa barabarani. Wewe ukiumwa unaenda kuuliza dawa barabarani? Unakuja zahanati. Basi mchukue Mama Mkaa. Nendeni wote kwa imamu, kisha wote kwa mchungaji. Msiulize nani alikosea. Ulizeni hivi tu: dini yako inakufundisha nini juu ya jirani asiye wa dini yako?"

Fundi alivuka njia. Miguu ilikuwa mizito kama ya mtu anayekwenda kung'olewa jino.

"Hodi!"

Akabisha tena.

"Hodi hapa!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi hana jina?"

"Jina langu unalijua. Usijifanye umezeeka."

Mama Mkaa alitokea mlangoni, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. "Umekuja kuazima nguzo?"

"Nimekuja kutafuta mtu wa kutembea naye. Binti yangu anaolewa Jumamosi."

"Najua." Mama Mkaa aliangalia pembeni. "Mtoto niliyembeba mgongoni mwangu! Habari za harusi yake naambiwa na wateja wa mkaa."

Fundi akamshika mkono uliojaa vumbi la mkaa. Akasema, "Nisamehe, mwenzangu. Hata mimi siku ile nilipiga makofi."

"Mimi nilipiga vigelegele," alisema Mama Mkaa.

Fundi akamweleza walikotumwa na Mkunga.

"Na imamu wetu akisema tusishirikiane?"

"Nitarudi kwangu na nusu yangu, na binti ataolewa akitambaa."

Mama Mkaa alijaribu kununa, akashindwa. Kicheko kikamponyoka. "Ngoja ninawe mikono," alisema.

Imamu walimkuta kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, karibu na msikiti. Aliweka spana chini, akafuta mikono, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mungu ni mmoja," alisema, "na wanadamu wote ni wa baba mmoja na mama mmoja. Yeye ndiye aliyetufanya wa namna nyingi. Angetaka tufanane, nani angemzuia? Hakutufanya mbalimbali ili tudharauliane. Alitaka tujuane. Na jirani ana haki yake juu yangu, awe anasali nami au hasali nami."

"Mbona siku ile hukuyasema haya?" aliuliza Mama Mkaa. Alikuwa hamwogopi mtu.

Imamu akatikisa kichwa. "Nilikuwa makaburini. Niliporudi, turubai lilikuwa vipande. Lakini kesho yake ningeweza kusema, nikanyamaza. Hapo nilikosa. Twendeni kwa mchungaji, mimi mwenyewe nitafuatana nanyi."

Mchungaji alikuwa anafagia ua wa kanisa. Alipowaona watu watatu wanaingia, ufagio ulibaki mkononi. Fundi akamwuliza swali lile lile.

"Kila mtu ni kazi ya mkono wa Mungu," alijibu mchungaji. "Nikimdharau mtu, nimemdharau aliyemwumba. Na tulipoamriwa kumpenda jirani, hatukuambiwa tumwulize kwanza anasali wapi."

"Kwa hiyo Mungu hakututenga?" Fundi aliuliza.

"Aliyetutenga ni Seremala na kisu chake."

Wote wakaangua kicheko, na imamu akacheka zaidi ya wote. Lakini Mama Mkaa bado alikuwa na jambo moyoni.

"Mimi naogopa kitu kimoja. Tukilishona lile turubai, si tutakuwa tumechanganya dini?"

Mchungaji alifungua kinywa ajibu, ila Fundi alimtangulia. Hili lilikuwa la kazi yake.

"Mwenzangu, mimi nimeshona miaka mingi. Ukiunga kitambaa cha buluu na cha kijani, buluu inabaki buluu na kijani kinabaki kijani. Mshono haubadilishi kitambaa. Unavishika tu vipande visiachane. Wewe utasali kwako, mimi nitasali kwangu. Mvua ikija tutakuwa chini ya kitu kimoja."

"Hata mimi nisingesema vizuri hivyo," alisema mchungaji.

"Wala mimi," alisema imamu.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, wanawake wa pande zote waliitikia mwito wa imamu na mchungaji, na nusu mbili zikatandikwa uani kwa Fundi. Turubai ni zito. Lingevunja sindano zote za cherehani. Ilibidi lishonwe kwa mkono, kwa sindano ya gunia na uzi uliopakwa nta ili maji yasipenye. Kingo zilikunjwa moja ndani ya nyingine, kama vidole vya watu wawili walioshikana. Turubai likatundikwa kwenye kamba. Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Mmoja hukaa upande huu anachoma sindano. Mwingine hukaa upande wa pili, anaipokea, anairudisha.

Fundi akasema, "Huku wakae wa kanisani. Kule wakae wa msikitini."

Mwanzoni hakuna aliyeongea. Sindano ilikwenda, sindano ilirudi. Kisha:

"Wewe wa huko, umelala?"

"Nilale wapi? Umenichoma kidole!"

"Pole, mwenzangu. Sikuoni."

"Utanionaje? Siku nyingi hunioni."

Kicheko kikaanzia upande mmoja kikatokea upande wa pili. Wakaanza kuulizana. Mama yako amepona mguu? Yule kijana wako alipata kazi? Habari nyingi zilikuwa zimelala kwa sababu ya turubai. Jioni mshono ulikuwa umefika mwisho, na wanawake walikuwa bado wamekaa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Jumamosi asubuhi nguzo ndefu zilisimama katikati, nguzo fupi zikasimama pembeni, na kamba zikafungwa kwenye vigingi. Turubai likainuka. Nusu buluu, nusu kijani, na mgongo umenyooka katikati. Watu waliokuwa wanapita njiani walisimama kutazama.

Imamu na mchungaji walikaa viti vya mbele. Kabla bibi harusi hajaingia, walisimama pamoja wakatangaza. Kuanzia leo, mambo mawili yakigongana siku moja, wao wawili watakaa kwanza na wenye shughuli. Wafiwa watapewa turubai, na mtaa mzima utawasaidia wenye harusi kutafuta jingine. Na hakuna mtu atakayenena barabarani kwa niaba ya Mungu. Watu wakaitikia kwa sauti moja.

Bibi harusi akaingia, kichwa juu, taji lake halikugusa kitu. Kulia kwake alikuwa mama yake. Kushoto alikuwa Mama Mkaa, mikono imesuguliwa mpaka inang'aa. Wageni wa bwana harusi walisimama wote.

Hapo ndipo mbingu zilipofunguka.

Haikuwa manyunyu. Ilikuwa mvua yenyewe, ile ya kuziba masikio. Ngoma zilinyamaza. Watu wote wakainua macho, wakatazama pale ambapo buluu inakutana na kijani. Fundi alikumbuka kila mchomo wa sindano.

"Litavuja tu," alisema Seremala. "Kilichokatwa kimekatwa."

Akasimama chini ya mshono, akavua kofia, akatega upara wake. Akasubiri. Akasogea hatua, akasubiri tena. Wageni wakamfuata kwa macho. Alitembea hivyo mpaka mwisho wa turubai, uso juu, kama mtu anayetafuta mwezi. Akageuka akarudi. Mvua ilikuwa inapiga kwa hasira zake zote.

"Shemeji, vipi?" Fundi aliita. "Umepata hata tone?"

Seremala akapitisha kiganja kichwani. Akakitazama. Akapitisha tena.

"Pakavu," alisema polepole.

"Sema kwa nguvu, Seremala!" alipiga kelele Mama Mkaa. "Wa nyuma hawasikii!"

"Pakavu!" Seremala alipaza sauti, akarusha kofia juu. "Jamani, pakavu kabisa!"

Naye akawa wa kwanza kucheza. Ngoma zikamfuata, na vigelegele vya mtaa mzima vikaizidi mvua.