Ndoo ya Kutemea

Jioni ilimkuta Kimotho bado yuko Soko la Toi, akiinua bilauri za mtumba moja moja na kuzichungulia kwenye mwanga uliobaki. Rafiki yake Kihara alikuwa amemtuma zenye shingo ndefu, nyembamba, zisizo na ufa. Mama muuzaji akamuuliza kama ni za harusi. Alijibu ni za wageni tu, akamwomba azifunge kwenye gazeti.

Hakuwa na hamu ya wageni. Tangu amzike mkewe Waithira mwezi wa Februari, mpimaji ardhi huyu, Saveya kwa marafiki zake, alikuwa amejifungia nyumbani kwake Kawangware, na majirani walidhani analia. Hakulia. Alikuwa anasikiliza. Sura ya Waithira alikuwa nayo, picha zilijaa ukutani. Sauti ndiyo iliyokuwa inamtoka. Simu iliyoihifadhi ilikwapuliwa wiki ya matanga, na sasa kila alipojaribu kulisikia jina ambalo mkewe peke yake alimwita, Kimo, lilisikika kama analitamka yeye mwenyewe. Angetoa chochote alisikie tena, mara moja tu, kutoka kinywani mwake.

Hilo hakumwambia mtu. Lakini Kihara, rafiki yake tangu ujana na mwenye ploti kadhaa Riruta, alisema imetosha, aje akae na watu. Alikuwa amenunua mvinyo wa zamani kutoka kwa Mfaransa mmoja aliyekuwa anahama: chupa za Bordeaux, za Burgundy, na moja ya Porto iliyohifadhiwa tangu kabla wao hawajazaliwa. Wangeuonja taratibu, kama waonjavyo wajuzi wa mvinyo.

Bodaboda ilimshusha getini kwa Kihara, Riruta, giza likianza kushika.

Mezani walikuwepo Kihara na mkewe Wangoi, Obiero mwenye duka la vifaa vya ujenzi na ulimi usio na breki, na Ciru, mpwa wa Kihara, ambaye ni nesi. Kando ya chupa alisimama mtu mwembamba mwenye suti ya kijivu. Kimotho alichukulia kwamba ni mtaalamu wa mvinyo, akampa mkono. Mkono ulikuwa mkavu. Sebule nzima ilinukia nyama choma na manukato ya Wangoi, lakini pale aliposimama mtu yule hapakuwa na harufu yoyote.

Hata ya nguo.

Mtu yule aliwafundisha kwa maneno machache. Tazama. Zungusha. Nusa, kisha useme umenusa nini. Onja, tema. Katikati ya meza paliwekwa ndoo ya bati ya kutemea. Kihara akacheka, akasema wazee wa Kikuyu wakikutemea pombe kifuani ni baraka, basi leo watabarikiana hadi ndoo ijae.

Bordeaux ikapita. Wangoi alinusa tumbaku na ngozi. Obiero akasema yeye ananusa kiatu cha mjomba wake akishuka basi la Kisumu asubuhi. Ikapita Burgundy, na Ciru akataja uyoga na majani yaliyolowa. Kimotho alijikuta anacheka na wenzake. Kicheko chake mwenyewe kilimshtua.

Kisha ikaja Porto.

Mtu yule aliwasha mshumaa, akazima taa. Akaushika mshumaa chini ya shingo ya chupa, akaanza kumimina polepole kwenye jagi la kioo, macho yake kwenye mashapo yaliyokuwa yakipanda.

"Hapa unaacha," alisema. "Aliye chini akae chini."

Akawajazia bilauri. Kisha akauliza, kwa sauti ya kunong'ona, kama kwao hakuna desturi ya kuwamwagia kwanza wale wasiokuwepo.

Kihara, ambaye ni mzee wa kanisa, alikunja uso. "Hayo tuliacha, bwana. Hii ni nyumba ya wokovu."

Kimotho alikuwa amelelewa na cucu, bibi yake, aliyemwaga pombe ya muratina chini kila alipokunywa. Alimfundisha namna yake pia. Unawamwagia wote pamoja, wale wa zamani, bila kutaja jina. Mtu ambaye udongo wa kaburi lake haujakaa humwiti peke yake, kwa sababu atakuja, na hajui bado njia ya kurudi.

Yote hayo aliyakumbuka. Aliinamisha bilauri chini ya meza. Tone likaanguka kwenye vigae.

"Waithira," alinong'ona.

Mwali wa mshumaa ulilala... kisha ukasimama.

Ciru alikuwa wa kwanza kunusa. Akasema ni ajabu, yeye anapata spiriti ya wodini. Na maganda ya machungwa.

Kimotho aliganda. Wiki zile za mwisho alimmenyea Waithira machungwa kitandani, maana hakuna kingine kilichokaa tumboni mwake.

Wangoi alizungusha bilauri yake, akafumba macho. Mafuta ya nazi, alisema. Na kitambaa cha kichwa, kimevaliwa siku nyingi bila kufuliwa.

"Mimi nasikia mgonjwa," Obiero akasema. "Mtu ameugua ndani ya hii chupa mpaka akakojoa kwa godoro."

Wakacheka. Hawakumaanisha ubaya, ndiyo kwanza walikuwa wanaingiwa na raha ya mchezo. Kihara alisema harufu ni mbaya lakini mdomoni ni tamu ajabu. Wakapiga funda. Kimotho aliwatazama wakimzungusha Waithira mdomoni, mashavu yakivimba na kubonyea, wakimpitisha katikati ya meno. Alinusa bilauri yake mwenyewe. Ilikuwa mvinyo tu. Alitaka kusema waache, akaishia kunusa tena.

"Amekaa vizuri huyu," Obiero alisema, mdomo bado umejaa. "Ila mwishoni ana uchungu."

Akatema.

Wangoi akatema. Ciru akatema. Kihara akatema, akajifuta ndevu.

Ndani ya ndoo kitu kilikohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu asiyetaka kuamsha wengine. Kimotho alikuwa amekisikia usiku baada ya usiku kupitia ukuta wa chumba. Hakuna mwingine aliyegeuka. Obiero alikuwa anasimulia jambo, na Wangoi anatafuta vijiti vya meno.

"Kimo..."

Ilikuwa sauti ya Waithira yenyewe. Haikuwa kumbukumbu. Sauti ilikuwa na mkwaruzo wake, na lile jina lilivutwa mwishoni vile vile.

"Kimo, kuna baridi huku. Nichukue."

Mtu wa suti ya kijivu alikuwa ameinama sikioni mwa Kimotho. Pumzi yake haikuwa na joto.

"Umemwita, akaja. Wamemwonja, wakamtema. Yuko mle mzima, hajapungua. Umnywe, umpeleke nyumbani, na hatakutoka tena."

Kimotho aliivuta ndoo karibu. Mvinyo ulikuwa umepauka, umefunikwa povu. Kamasi ya mtu ilielea juu kama uzi, na kipande cha nyama kutoka kwenye jino la Obiero kilizunguka taratibu. Chini ya povu maji yalitetema kila sauti ilipopumua.

"Nichukue, Kimo. Haraka."

Aliinyanyua ndoo. Ukingo wa bati ukagusa mdomo wake.

Wote wakamgeukia.

"Saveya," Obiero alisema taratibu, "hiyo ni mate yetu."

"Ndugu yangu, uko sawa?" Kihara akauliza. Wangoi alikuwa ameweka mkono kinywani, na Ciru alikuwa ameanza kuinuka, kwa upole, kama ainukavyo kwenda kumshika mgonjwa anayeropoka.

Kimotho aliyaona macho yao. Aliiona kamasi.

Akaiweka ndoo chini.

"Nilitaka kunusa tu," alisema.

Mtu wa kijivu hakumlaumu. Alitabasamu, akaanza kukusanya vizibo vyake. Wangoi, kwa haraka ya mwenye nyumba anayetaka aibu ipite, alichukua ndoo akatoka nayo nje. Kimotho aliusikia mlango wa nyuma. Akasikia maji yakimwagwa kwenye mtaro.

Akasikia jinsi Waithira alivyopiga kelele akishuka.

Siku iliyofuata Kihara alimpigia simu. Aliuliza hali yake, akazungukazunguka, mwishowe akauliza yule mtaalamu alitoka wapi, maana alikuwa stadi na angependa amwite tena. Kimotho alidhani Kihara ndiye aliyemwalika. Kihara alidhani ni Obiero, na Obiero alikuwa ameapa kwamba mtu yule aliingia mlangoni akifuatana na Kimotho, amembebea bilauri.

Mitaro ya Riruta inashuka na mteremko kuelekea Kawangware. Mtu aliyepima ardhi ile maisha yake yote hahitaji kuambiwa. Kimotho alianza kutoka jioni, watu wakirudi kazini, akifuata mtaro mmoja baada ya mwingine, nyuma ya vibanda vya chipsi, chini ya vidaraja vya mbao, kwenye maji meusi yenye povu la sabuni na maganda. Watu walimpisha. Walidhani anapima.

Alimpata nyuma ya kanisa moja la mabati, mahali mtaro unapokunja kona. Kikohozi kwanza. Kisha jina.

"Kimo... Kimo..."

Alipiga magoti kwenye tope. Aliyachota maji yale kwa viganja viwili, akayapeleka mdomoni, na safari hii akameza. Akachota tena. Yalikuwa na ladha ya mafuta ya taa na kinyesi. Wanawake waliokuwa wakitoka kwenye maombi walisimama, mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Hakujali. Alikunywa mpaka akashindwa kupumua.

"Ni mimi," alisema, maji yakimchuruzika kidevuni. "Waithira, nimekuja. Ni mimi, Kimo."

Sauti ilinyamaza. Alipoisikia tena ilikuwa karibu sana, nyuma ya meno yake mwenyewe, na ilikuwa ya mtu anayeongea na mgeni.

"Wewe si Kimo," ilisema. "Kimo hangeniacha nimwagwe."

Kisha ikaanza kumwita mumewe, humo ndani, na haijaacha.