Mikono Kwenye Usukani

Fundi alipoupapasa usukani, aliutoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa paji la mgonjwa wa homa. Betri alikwisha kuitoa tangu asubuhi. Gari lilikuwa limelala kivulini ndani ya gereji, boneti wazi, halina umeme hata wa kuwasha taa ya ndani. Lakini usukani ulikuwa na joto la mwili.

Watu walimwita Fyuzi, kwa sababu alikuwa fundi wa umeme wa magari, na kwa sababu hasira zake zilikuwa hazichelewi kuungua. Gari lenyewe lilikuwa la dada yake, mshonaji, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Lilikuwa la mtumba, limetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, ndiyo maana usukani wake ulikuwa na waya za kupasha joto chini ya ngozi.

"Huku nani anahitaji usukani wa moto?" alimtania dada yake alipolileta. "Au unataka kupigia pasi humo humo?"

Dada hakucheka. "Unajiwasha wenyewe," alisema.

Fyuzi akairudisha betri, akachomeka mashine ya kupimia. Injini ikajibu, breki zikajibu, kila kilichoulizwa kikajibu, isipokuwa kipasha joto cha usukani. Hakuna mawasiliano, mashine iliandika. Akachomoa fyuzi ya kipasha joto hicho, akafungua usukani, akakuta plagi imeliwa na kutu hadi meno yamekatika. Kitu hicho kilikuwa kimekufa zamani. Akaitoa betri tena, akaweka viganja juu ya usukani. Joto halikuenea kote. Lilikuwa sehemu mbili tu, kushoto na kulia, pale dereva anaposhika, na chini ya vidole vyake alihisi kitu kikimpapasa polepole, kikimkagua, halafu kikamwachia. Harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani.

Akamfuata dada yake, aliyekuwa akisubiri kwenye chumba kidogo cha ofisi.

"Dada, niambie ukweli. Hili jambo lilianzaje?"

Dada alikuwa ameficha mikono ndani ya khanga. Akanong'ona, "Baada ya msiba wa shemeji yako. Niliegesha pembeni ya barabara, nalia. Nikahisi nimeshikwa mikono."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema asante."

"Dada!"

"Usinifokee. Nilijua si yeye. Mikono ya mume wangu ilikuwa mifupi, minene. Hii ina vidole virefu, vinanizunguka hadi kwenye viwiko. Lakini nyumba ilikuwa kimya, mdogo wangu. Ungeisikia ilivyokuwa kimya. Nikamwomba asiniache."

Fyuzi hakungoja zaidi. Aliung'oa usukani mzima, akautia ndani ya gunia, akaufungia kwenye kabati la chuma. Kisha akampigia simu mama mmoja mtabibu ambaye watu walimsifu kwa kutoa majini. Mama yule akaja, akasoma dua zake, akaomba kuishika mikono ya dada. Aliishika kidogo tu. Akaiweka chini taratibu kama anayelaza mtoto bila kutaka kumwamsha, akamvuta Fyuzi hadi mlangoni.

"Mimi hutoa aliyeingia bila hodi," alisema. "Huyu alikaribishwa. Nikimlazimisha atoke, hatoki peke yake."

"Sasa nifanye nini?"

"Kaa na dada yako," alisema yule mama, akaondoka akiwa amekumbatia mkoba wake kifuani, bila kugeuka nyuma.

Fyuzi alikuwa bado amesimama mlangoni aliposikia tairi zikisaga sakafu ya saruji. Akatazama gereji. Magurudumu ya mbele ya lile gari, gari lisilo na usukani wala betri, yalikuwa yakipinda kushoto, polepole, kisha kulia, kisha yakanyooka, na alipogeuka ofisini alimwona dada yake amekaa wima kwenye kiti, mikono yote miwili ameinyoosha hewani, ameshika duara lisiloonekana, na kila alipokata kushoto magurudumu yalikata kushoto, na kila alipokata kulia yalimfuata, na machozi yalimtiririka hadi shingoni lakini mikono ilikuwa imetulia kabisa, kama ya dereva anayeijua njia.

"Shusha mikono, dada. Nakuomba."

"Siwezi," alisema. "Si mimi ninayeshika."

Fyuzi akamrukia, akamkamata vifundo vya mikono, akavuta kwa nguvu zake zote hadi miguu ikateleza sakafuni, na ile mikono myembamba ya kushona haikusogea hata kidogo, ila ilipopinda yenyewe kuelekea geti ilimpinda na yeye, mwili mzima, kama kitambaa. Kule gereji injini ya lile gari ikawaka.

"Nisamehe, mdogo wangu," dada alinong'ona. "Anauliza kama na wewe unakuja."

Fyuzi alitaka kumwachia ili akimbie, na hapo ndipo alipotambua kwamba vidole vyake mwenyewe haviachii.