Sauti Kwenye Gari la Mwalimu Breki

Gari lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya nyumba, injini imezimwa, na mke wa Mwalimu Breki amefungua mlango ateremke, ndipo ile sauti ya ramani iliposema, "Geuza gari. Bado hujafika nyumbani."

Mwalimu Breki akacheka. Mtu aliyefundisha udereva miaka yote ile havimshtui vioja vya magari. "Mtandao huo," alisema, akichomoa waya wa simu kwenye skrini. "Nao umechanganyikiwa kama sisi."

Mkewe hakucheka. Tangu wamzike binti yao alikuwa hacheki wala hali vizuri, yupo tu.

Binti mwenyewe walimwita Chiriku, kwa ule mdomo wake usiopumzika. Homa ilimkamata akaingia hospitali kwa miguu yake, na wazazi wakarudi na viatu vyake kwenye mfuko. Simu ya Chiriku, baba mtu akaiweka garini. Yake mwenyewe ilikuwa kitochi cha kupigia tu, na Chiriku ndiye aliyemwonyesha kuwa simu ya maana ukiichomeka waya, ramani yake inatokea kwenye skrini ya gari na sauti inamwelekeza dereva. Chiriku huyo huyo alikuwa hampi mama yake nafasi ya kupumua: "Mama, jifunze gari bwana, ututembeze!" Mama akawa anakataa. Alipokubali, jamani, wa kutembezwa hayupo.

Somo la Mwalimu Breki lilikuwa moja kwa wanafunzi wote. "Siku ya mtihani, ukiambiwa kata, unakata. Huulizi, hubishi. Mimi nitanyamaza. Sikiliza ramani uitii." Kisha anakaa kiti cha pembeni, mguu juu ya ile breki ya pili ya magari ya shule za udereva, iliyompa jina.

Mkewe akatii. Alitii kuliko mwanafunzi yeyote ambaye mumewe aliwahi kumfundisha.

Siku chache baadaye ikaanza harufu. Mafuta ya nywele ya Chiriku, yale ya nazi, na chini yake udongo uliolowa. Mume akanyamaza akidhani ni majonzi yake mwenyewe, mke naye vivyo hivyo. Halafu sauti ikabadilika. Ile sauti kavu ya mashine ikaanza kulainika, ikawa na kicheko kwa mbali, hadi siku moja, njiapanda ya sokoni, ikasema, "Kata kulia hapo, mama."

Mwalimu Breki akamgeukia mkewe. "Umesikia?" alinong'ona.

"Tangu wiki iliyopita nasikia. Nyamaza, usimkatize."

"Mke wangu, huyo siye."

"Unajuaje? Ulimzaa wewe?"

Mkono wa Mwalimu Breki ulienda kwenye waya. Ukafika, ukaugusa, ukarudi mapajani. Tusimlaumu. Alikuwa hajaisikia sauti ile tangu wodini, na alitaka kuisikia hata mara moja tu zaidi.

Hiyo mara moja ikazaa nyingine, mpaka jioni moja sauti ikawatoa nje ya mji. Wakapita karakana za mwisho, lami ikaisha, magugu yakaanza kukwaruza milango, na kwenye skrini ule mstari wa buluu ukawa umenyooka mbele yao bila kona hata moja, wala hapakuwa na barabara kama hiyo, kwa sababu Mwalimu Breki alipafahamu pale, palikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa yakajaa maji, na harufu ya udongo ikazidi, na Chiriku akiongea mfululizo kama alivyozoea akitoka shule, nyooka tu mama, usiogope mama, pale pale mbele, nimewasubiri mno, ongeza mwendo kidogo, mama, umebakisha kidogo tu, na mama huyo, machozi yanamtiririka na uso umenawiri kwa furaha, akakanyaga mafuta.

Mwalimu Breki akakanyaga breki.

Gari likaserereka likasimama. Mbele ya taa hapakuwa na ardhi, maji meusi tu huko chini.

"Baba," skrini ikasema taratibu. "Toa mguu, baba. Huku kuna baridi."

Akaung'oa waya. Sauti ikamwita tena, waya ukiwa mkononi mwake, kisha ikanyamaza. Mkewe akamgeukia akampiga ngumi za kifua, ngumi zisizo na nguvu.

"Umemwacha tena! Hospitali ni wewe uliyekubali mashine yake ya kupumulia izimwe. Na leo tena ni wewe!"

 

Wakamleta mganga, bibi mmoja mfupi asiye na mchezo. Aliingiza kichwa garini, akanusa, akakunja uso. "Jini hili halina sauti yake," alisema. "Linaazima ya yule mnayemlilia. Izikeni simu, kisha kila mmoja alikane kwa kinywa chake. Mseme: wewe si mwanangu."

Simu wakaizika. Baba akasema. Ilimtoka kwa shida, lakini akasema. Mama akachezesha midomo tu, sauti haikutoka. Mganga akamtazama kwa muda mrefu, akafungasha vitu vyake na kuondoka.

Mwalimu Breki akatafuta mnunuzi wa gari, na funguo akazifunga kwenye leso, akazishindilia mfuko wa ndani wa koti, asimwambie mtu. Mchana mmoja akarudi nyumbani, jiko baridi, mlango wazi. Akamkuta mkewe ndani ya gari, skrini nyeusi, mikono kwenye usukani. Alikuwa akiuzungusha polepole, kulia, kisha kushoto, akiitikia kwa kichwa.

Akaingia akakaa kando yake. Alitaka kumkemea. Alitaka kumshika mkono amtoe. Lakini uso wa mkewe ulikuwa umetulia, uso aliokuwa hajauona tangu msiba, na yeye alikuwa amechoka kuwa peke yake upande wa wasiosikia kitu.

"Anasema nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hajakukasirikia," mkewe akajibu. "Anasema baba ameficha funguo kwenye leso, mfuko wa ndani. Anasema ukiwa tayari."

Mwalimu Breki akalia sana. Alipomaliza, akatia mkono kotini.