Nafasi Iliyoachwa Kushoto

Usiamini. Tena ukiamini nitakuona mjinga, maana hata mimi ningesimuliwa haya na mtu mwenye mdomo kama wangu, ningemcheka mpaka nishike mbavu. Wewe sikiliza tu, kisha nenda kaseme ni uongo. Ila usikae kwenye kiti hicho cha kushoto kwangu. Geuza ile ndoo, kalia hiyo.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mjane, na binti yake wa miaka sita aliyeitwa Kifungo, kwa ufupi wake na uduara wa uso. Fundi alishona magauni ya watoto. Mshono wake, hata uugeuze ndani nje, huoni uzi uliopotea njia. Lakini wateja hakuna. Watu wa mtaa ule walishazoea kununua nguo walizoziona kwenye simu.

Fundi alikuwa na shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, wanamwita Kiwembe. Kijana mzuri wa sura, mwepesi wa akili, aliyeacha shule darasa la sita kwa sababu shule ilikuwa inamchelewesha.

"Shemeji, lete simu nikutengenezee tangazo," akamwambia.

"Wewe kuchora umesomea wapi?"

"Nani anachora siku hizi? App ina violezo, vimeshapangwa kila kitu. Unatia picha, unatia maneno matatu, basi. Hata mbuzi akikanyaga simu anatoa tangazo."

Wakampiga Kifungo picha mlangoni, amevaa gauni la njano. Kiwembe akafuta kwa kidole kila kilichokuwa nyuma ya mtoto: ukuta, mlango, kamba ya kuanikia. Akamsogeza mtoto kulia, akaandika jina la duka juu, na nusu nzima ya kushoto akaiacha tupu, rangi ya maziwa.

"Na hapo?" Fundi akauliza.

"Hapo hapaguswi. Washamba ndio wanajaza. Sisi wajuzi tunaacha nafasi, picha ipumue."

Ikapumua.

Siku ile ile zikaja oda tatu. Fundi akanogewa, akajifunza mwenyewe, na baada ya wiki mbili ukurasa wake ulikuwa na matangazo kumi na moja, yote mtoto kulia, kushoto tupu.

Kilichoanza kilikuwa kitu kidogo. Asubuhi moja Fundi anakagua tangazo, akaona mkunjo kwenye ile rangi ya maziwa. Wewe usingeuona. Lakini mtu aliyeshika pasi miaka kumi na tano anajua mkunjo wa nguo iliyolala kabatini na mkunjo wa nguo iliyokaliwa. Huu ulikuwa wa kukaliwa. Akafuta kioo cha simu kwa pindo la gauni. Mkunjo ukabaki.

Mchana mteja akaandika chini ya picha: "Gauni nimelipenda. Huyo mrefu pembeni ya mtoto naye mnamuuza?"

"Wanatutania," Kiwembe akasema. "Mtandaoni vichaa hawaishi."

Kesho yake mwanamke mwingine, ambaye hawakumjua, akaandika maneno manne tu: "Dada, mwondoe mtoto hapo."

Ndipo harufu ikaingia dukani. Harufu ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo siku tatu. Fundi akafua vitambaa vyote, akapiga deki, akamwaga sabuni mpaka majirani wakauliza kuna sherehe gani. Harufu haikwenda popote. Na Kifungo akaanza kukaa ukingoni mwa benchi, tako moja hewani.

"Kaa vizuri, utaanguka."

"Nimempisha."

"Nani?"

Mtoto akatazama juu, juu kabisa, kama anayetafuta uso wa mtu mrefu kuliko mlango. Akashusha sauti. "Kasema nisikwambie. Kasema nafasi haimtoshi. Mimi ndiye nisogee."

Fundi akafungua simu. Tangazo la kwanza, mtoto yuko pale pale Kiwembe alipomweka. La tano, bega limegusa ukingo. La kumi na moja, mkono wa kulia haupo, umekatwa na ukingo wa picha, na hakuna mtu aliyeyagusa yale matangazo tangu yalipopakiwa. Akamvuta mwanawe, akaufinya mkono wa kulia. Kifungo hakushtuka. Mkono ulikuwa wa baridi kama mkasi.

"Mwanangu akitoka kwenye picha hii," akamwambia Kiwembe polepole, "wewe nitakushona mdomo kwa uzi wa magunia."

Siku ya tatu yake, saa sita mchana, jua limesimama, barabarani watu wanabishania bei ya vitunguu, Fundi aliinua kichwa kwenye cherehani akamwona Kifungo amesimama katikati ya chumba na ncha ya futi kamba, ile ya kupimia wateja, ameibana sakafuni kwa unyayo.

"Mama, kasema umpime. Anataka gauni kama langu."

Na ile futi kamba, ambayo ilikuwa inaanzia kwenye unyayo wa mtoto na ilitakiwa ianguke kama kamba yoyote, ilikuwa imenyooka kwenda juu, imepita meza, imepita rafu ya vitambaa, imepita kizingiti cha juu cha mlango ingawa urefu wake ni futi tano tu, imekazwa kama inavyokazwa na mtu anayetaka vipimo sahihi, na juu kabisa, pale ilipoishia namba na hapakuwa na mkono wala kidole, ile ncha yake ya bati ilikuwa inacheza kidogo kidogo, inacheza kama ya mtu anayesubiri na anayeanza kukasirika, na harufu ya nguo mbichi ikajaa chumba kizima.

Akamnyakua mtoto. Futi kamba ikamchapa usoni.

Mganga aliyeletwa na Kiwembe alikuwa mwanamke mnene mwenye simu mbili. Hakupiga ngoma, hakuomba kuku. Aliomba aone ukurasa. Akatazama matangazo yote kumi na moja, akasonya.

"Nani aliyekufundisha kuacha nafasi hivi?"

Fundi akamwonyesha Kiwembe kwa kidevu.

"Aa. Fundi mkubwa," mganga akasema. "Nyumba ikikaa bila mtu mnaogopa kuipita, mnasema imeshapata wenyewe. Hapa mmetengeneza vyumba kumi na moja, mmevipaka rangi, mmemweka mtoto mlangoni kama anayekaribisha wageni, mkatangazia dunia nzima kwamba ni vitupu. Yeye angekataa kwa nini?"

"Nifanyeje, mama?" Fundi akalia.

"Jaza. Aliyeacha ndiye ajaze. Pasibaki pa kuingiza ukucha."

Wakajaza. La kwanza akalijaza Kiwembe aliyeliacha, mengine Fundi, Kiwembe akimwelekeza: maua, nyota, vifungo, mishale, namba ya simu mara tisa, BEI POA kwa rangi nne. Kwenye tangazo la kwanza cherehani ikakanyagwa peke yake, kwa fujo, ikatoboa gauni la mteja. La sita, mtu asiyeonekana akaanza kupiga teke benchi. La kumi, Kifungo akapiga kelele, "Ananivuta!" na Fundi, kamkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja, akajaza la kumi na moja kwa kidole gumba, nyota juu ya nyota, machozi yanadondoka kwenye kioo.

Mateke yakakoma. Kifungo akaukuna mkono wa kulia. "Mama, unawasha."

Mganga hakuondoka. "Kuna picha nyingine yoyote yenye nafasi? Akikosa hapa atatafuta pengine."

"Hakuna," Kiwembe akawahi kujibu.

Sasa mtoto anajilaza benchi zima. Ukurasa wa Fundi ni aibu tupu, macho yanauma, na oda zinakuja vile vile. Ukiona tangazo limejazwa mpaka pembeni, usimcheke mwenyewe.

Naam, Kiwembe ni mimi. Hilo ulilijua tangu nilipousifu uzuri wangu. Wala silo nililokuficha.

Nililoficha ni kwamba picha nyingine ilikuwepo. Ya kwangu. Uso wangu kulia, kushoto tupu, kijivu cha moshi, watu elfu nne wameipenda. Niliitazama ile picha, nikamtazama mganga, nikaona uchungu kuiharibu kwa nyota. Nikasema hakuna. Siku hizi nikitia hizo nyota, zinafutika kabla sijashusha kidole. Bega langu limeshafika ukingoni.

Ndiyo maana nikakuzuia kiti hicho. Tazama kitambaa chake kilivyojikunja.

Mbona umesogeza ndoo? Mimi sijakwambia umpishe.